Roosevelt, mgeni wa Juja aliyewaenzi wachonga nishani na kuwasahau wapagazi

THEODORE Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, alipowasili katika shamba la Juja mnamo Mei 1909, hakuwa tena na cheo chochote serikalini. Alikuwa amekabidhi mamlaka tarehe 4 Machi mwaka huo na kufunga safari ya kuja Afrika Mashariki kuwinda.

Mwenyeji wake alikuwa Mmarekani mwenzake, tajiri William Northrup McMillan, aliyemiliki ardhi kubwa katika nyanda zilizo baina ya Ruiru, Thika na mlima Kilimambogo, ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk.

Wakenya wengi wanaolijua jina la Roosevelt humkumbuka kwa bunduki yake. Ni wachache wanaofahamu kwamba kiongozi huyo ndiye aliyeongoza mageuzi makubwa ya sanaa ya sarafu na nishani nchini mwake. Ni katika vuguvugu la mageuzi hayo ambapo ilizaliwa tuzo mashuhuri ya kuwahimiza wasanii kubuni nishani za kumbukumbu.

Maisha yake yanaibua swali ambalo bado linatuhusu. Taifa linapoamua kuchonga sura katika madini ili isisahaulike, ni sura ya nani inayochongwa, na ni ya nani inayoachwa nje?

Mtoto wa pumu

Roosevelt alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858 katika familia tajiri. Kwa sadfa, mwaka huo huo na katika jiji hilo hilo ndipo kilipoanzishwa Chama cha Sarafu na Nishani cha Marekani, ambacho miongo kadhaa baadaye kingeanzisha tuzo tuliyoitaja.

Utotoni alisumbuliwa na pumu, akawa hawezi kulala bila kuketishwa kwa mito. Babake alimshauri aujenge mwili wake kwa mazoezi, naye akayafuata mashauri hayo kwa bidii iliyopita kiasi. Alijifunza masumbwi, akapanda milima na kukusanya ndege na wadudu aliowahifadhi nyumbani.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1880 na muda si mrefu akajitosa katika siasa za jimbo la New York. Tarehe 14 Februari 1884 alipatwa na msiba mzito. Mamake na mkewe, Alice, walifariki siku hiyo hiyo katika nyumba moja. Alice alikuwa amejifungua binti siku mbili tu kabla.

Mjane huyo wa kiume alikimbilia nyanda za Dakota, akachunga ng'ombe na kuwinda. Aliporejea mjini alimwoa Edith Carow mwaka wa 1886 na kuanza upya safari ya uongozi.

Vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka mwaka wa 1898, alijiuzulu wadhifa wake katika wizara ya jeshi la majini akaongoza kikosi cha askari wa kujitolea huko Cuba. Ushindi wa tarehe 1 Julai katika vilima vya San Juan ulimpa sifa nchi nzima, ingawa wanajeshi weusi wa vikosi vya tisa na kumi vya wapandafarasi walipigana bega kwa bega na watu wake.

Makamanda wake walimpendekeza atunukiwe Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa ya ushujaa nchini Marekani. Wizara ya vita ilikataa. Jambo hilo lilimkera mno, wala hakulificha. Huyu, basi, alikuwa mtu aliyejua vyema uzito wa kipande kidogo cha madini kifuani.

Mwaka huo wa 1898 alichaguliwa Gavana wa New York, na Machi 1901 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Rais William McKinley alipofariki tarehe 14 Septemba 1901 baada ya kupigwa risasi, Roosevelt akarithi kiti hicho akiwa na umri wa miaka 42. Hadi leo hajatokea Rais wa Marekani aliyeingia madarakani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Rais na mchongaji

Roosevelt aliona kwamba sarafu za nchi yake hazikuwa na mvuto wowote. Alivutiwa na sarafu za Wagiriki wa kale, ambazo picha zake zilitokeza juu kama sanamu ndogo, akauliza kwa nini taifa tajiri kama lake litumie pesa zenye sura ya kuchusha.

Mnamo Desemba 1904 alimwandikia waziri wake wa fedha akipendekeza kazi ya kubuni sarafu mpya apewe Augustus Saint-Gaudens, mchongaji aliyezaliwa Dublin mwaka wa 1848 na kulelewa New York. Pendekezo hilo lilikuwa la kijasiri. Kwa desturi, michoro ya sarafu ilikuwa kazi ya wachoraji walioajiriwa katika kiwanda cha serikali cha Philadelphia, wala hawakupenda wasanii wa nje kuingilia himaya yao.

Nishani ya kumbukumbu ya kuapishwa kwake mwaka wa 1905 ilizidi kumwonyesha alikuwa sahihi. Ile iliyotengenezwa rasmi haikumridhisha. Hivyo akamwomba Saint-Gaudens abuni nyingine, na mchongaji huyo akaipanga sura yake, huku mwanafunzi wake wa zamani, Adolph Weinman, akiifinyanga. Nishani hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizoamsha upya sanaa hiyo nchini Marekani.

Baadaye Rais na msanii walishirikiana kuunda sarafu ya dhahabu ya dola 20. Upande mmoja ulimwonyesha mwanamke akitembea kuelekea kwa mtazamaji, mwenge mkononi, akiwakilisha Uhuru. Upande wa pili ulikuwa na tai akiruka juu ya miale ya jua.

Hapo mgogoro ukazuka. Mchongaji mkuu wa kiwanda cha serikali, Charles Barber, alilalamika kwamba picha ilitokeza juu mno. Sarafu ya kawaida hugongwa mara moja tu na mtambo, ilhali hiyo ilihitaji kugongwa mara kadhaa ili picha ijitokeze ipasavyo. Isitoshe, sarafu zilizotokeza hivyo hazingepangika vyema moja juu ya nyingine katika mabenki.

Saint-Gaudens, aliyekuwa akiugua saratani, alifariki tarehe 3 Agosti 1907 kabla ya sarafu hiyo kutolewa. Roosevelt alisisitiza itengenezwe, na mwishoni mwa mwaka huo takriban 12,000 zikagongwa kwa umbo lililotokeza. Baadaye picha ilishushwa ili mitambo iimudu. Wajuzi wengi huitaja kuwa sarafu nzuri kuliko zote ambazo Marekani imewahi kutoa.

Kuna siri katika sarafu hiyo. Watafiti wanamtaja Hettie Anderson, mwanamke mweusi aliyezaliwa South Carolina, kuwa miongoni mwa wanamitindo ambao Saint-Gaudens aliwatazama alipokuwa akiunda umbo la Uhuru. Mamilioni ya watu walishika umbo lake viganjani bila kujua jina lake.

Tuzo ya Saltus

Mlango uliofunguliwa na Roosevelt haukufungwa tena. Tarehe 2 Agosti 1909, yeye mwenyewe akiwa bado katika nchi hii, serikali ya Marekani ilitoa senti mpya yenye sura ya Abraham Lincoln, iliyobuniwa na Victor Brenner, mhamiaji kutoka Lithuania. Mwaka wa 1913 ikafuata sarafu ya senti tano yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu na nyati wa Marekani. Iliundwa na James Earle Fraser, aliyekuwa msaidizi wa Saint-Gaudens.

Mwaka huo huo wa 1913 Chama cha Sarafu na Nishani cha Marekani kilianzisha tuzo kwa ufadhili wa J. Sanford Saltus, tajiri aliyependa sanaa hiyo. Nia ilikuwa kuwatambua wachongaji waliotia fora katika nishani na kuwatia wengine shime. Tuzo yenyewe ni nishani, na aliyeibuni ni Weinman.

Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1919, na mshindi akawa Fraser. Mwaka uliofuata aliitwaa Weinman. Kwa hivyo washindi wawili wa mwanzo walikuwa watu waliofunzwa au kuajiriwa na yule mchongaji ambaye Roosevelt alimtoa karakanani na kumpa sarafu za taifa.

Funzo lake ni bayana. Msanii hahitaji sifa tupu. Huhitaji kazi, malipo na mtu wa kumkingia kifua wakati wenye mitambo wanapomwambia haiwezekani.

Nishani ya Panama

Hata hivyo, nishani hizo hizo zilibeba dosari za wakati wake. Roosevelt alipozuru Panama mnamo Novemba 1906 kukagua uchimbaji wa mfereji, aliahidi kwamba waliofanya kazi hiyo wangepewa alama ya kumbukumbu, mfano wa ile waliyovaa wapiganaji wa vita.

Ahadi hiyo ilitimizwa. Msanii Francis Millet, ambaye baadaye alikufa maji katika meli ya Titanic mwaka wa 1912, alibuni nishani yenye kichwa cha Roosevelt upande mmoja na picha ya mfereji upande wa pili. Iligongwa kwa vyuma chakavu vya mitambo iliyoachwa na Wafaransa walioshindwa kuuchimba mfereji huo kabla ya Wamarekani.

Walioipokea walikuwa takriban 7,000. Sharti lilikuwa mtu awe amefanya kazi miaka miwili, tena awe raia wa Marekani. Sharti hilo la pili liliwafungia nje maelfu ya vibarua weusi kutoka Barbados, Jamaica na visiwa vingine vya Karibi, ambao ndio waliobeba baruti na koleo. Hata mishahara ilitenganishwa, Wamarekani weupe wakilipwa kwa dhahabu na vibarua hao kwa fedha.

Rekodi rasmi zinasema watu 5,609 walikufa kwa maradhi na ajali katika kipindi cha Wamarekani, wengi wao wakiwa vibarua hao wa Karibi. Hakuna nishani iliyogongwa kwa ajili yao.

Mtazamo wa Roosevelt kuhusu watu weusi ulijaa migongano. Mwaka wa 1901 alimwalika mwalimu Booker T. Washington kula chakula Ikulu, jambo lililozua ghadhabu miongoni mwa Wazungu wa majimbo ya kusini. Miaka mitano baadaye aliwafukuza jeshini askari weusi 167 bila kuwafungulia mashtaka, kufuatia ufyatuaji risasi katika mji wa Brownsville, Texas. Hadhi yao haikurejeshwa hadi mwaka wa 1972, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Juja na Kamiti

Huyo ndiye mtu aliyeshuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 akiandamana na mwanawe Kermit na wanasayansi watatu. Safari hiyo ilikusanya wanyama kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian yaliyoko Washington. Alipanda garimoshi la Reli ya Uganda na kuketi mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama wa nyandani, hadi kituo cha Kapiti.

Hapo alisubiriwa na wapagazi wapatao 200. Mizigo ilijumuisha tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Kwa kawaida ya misafara ya wakati huo, kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu ratili 60, yaani kilo 27, kichwani na kwa miguu. Wapagazi hao walimwita Bwana Mkubwa.

Katika shamba la Juja aliwinda kiboko na wanyama wengine kando ya mito inayoteremka kuelekea Athi. Naye Kermit alimuua chui, lakini baada ya mnyama huyo aliyejeruhiwa kumrarua mmoja wa Waafrika waliokuwa wakimfurusha vichakani.

Kutoka hapo msafara ulihamia upande wa Ruiru, katika shamba la mlowezi Hugh Heatley kando ya mto Kamiti. Kinamasi cha mafunjo kilichokuwa huko kilificha kundi la nyati, na Roosevelt akaupata uhondo alioutafuta. Mkenya wa leo anayesikia jina la Kamiti hukumbuka gereza, si nyati.

Msafara uliendelea hadi Naivasha, Sotik, mteremko wa Mlima Kenya na Uasin Gishu kabla ya kuvuka kuingia Uganda na kumalizikia Khartoum mnamo Machi 1910. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Jumla ya wanyama waliokusanywa, wakiwemo wadogo kama panya na ndege, ilizidi 11,000, na wataalamu walihitaji miaka mingi kuwaorodhesha.

Inafaa kumpa haki yake. Katika kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo aliwataja kwa majina baadhi ya waliomhudumia. Wabeba bunduki wake walikuwa Muhamed na Bakari, na masaisi waliotunza farasi wake walikuwa Hamisi na Simba. Aliusifu ujasiri wao. Lakini katika kitabu hicho hicho aliwaona Waafrika kuwa kama watoto wanaohitaji kulelewa, akaamini nyanda hizi zilifaa kuwa makao ya walowezi weupe.

Mwenyeji wake, McMillan, alifariki mwaka wa 1925 na kuzikwa katika mteremko wa Kilimambogo. Jina lake limechongwa katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Wapagazi waliobeba ile mizigo ya Juja hawana jengo, wala jiwe, wala nishani.

Sanamu ya farasi

Mnamo Mei 1910, akirejea kwao kupitia Ulaya, Roosevelt alitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Amani ya Nobel nchini Norway. Tuzo hiyo alikuwa ametunukiwa mwaka wa 1906 kwa kuzipatanisha Urusi na Japani, akiwa Mmarekani wa kwanza kupata tuzo yoyote ya Nobel.

Mwaka wa 1912 aliwania tena urais kwa chama kipya, akapigwa risasi kifuani mjini Milwaukee na bado akatoa hotuba yake kabla ya kwenda hospitalini. Alishindwa katika uchaguzi huo. Safari ya kuchunguza mto usiojulikana katika misitu ya Brazil, kati ya 1913 na 1914, nusura imuue kwa homa. Julai 1918 mwanawe kitinda mimba, Quentin, aliuawa katika mapigano ya angani huko Ufaransa.

Roosevelt alifariki usingizini nyumbani kwake, Oyster Bay, tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Huo ndio mwaka ambapo tuzo ya Saltus ilitolewa kwa mara ya kwanza. Nayo Nishani ya Heshima aliyoililia tangu Cuba ilitolewa kwa jina lake Januari 2001, miaka 82 baada ya kifo chake.

Fraser, yule mshindi wa kwanza wa tuzo, ndiye aliyepewa kazi ya kuunda sanamu kubwa ya Roosevelt mbele ya Makavazi ya Historia ya Viumbe jijini New York. Ilizinduliwa mwaka wa 1940. Roosevelt alionekana juu ya farasi, huku Mhindi Mwekundu akitembea upande mmoja na Mwafrika upande wa pili, wote wawili kwa miguu na bila majina.

Mwaka wa 2020 makavazi hayo yaliomba sanamu hiyo iondolewe kwa sababu iliwaonyesha watu hao wawili kuwa duni, na Januari 2022 ikang'olewa. Mwafrika alikuwa hatimaye ameingizwa katika shaba, ila si kwa heshima. Ustadi wa mchongaji haukuweza kuficha mpango wa waliomtuma.

Sarafu zetu

Kenya nayo imepita njia hiyo. Sarafu za jamhuri zilizoanza kutolewa mwaka wa 1966 zilibeba sura ya Rais. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku picha ya mtu yeyote katika pesa, na mnamo Desemba 2018 zikatolewa sarafu zenye wanyama. Shilingi moja ina twiga, tano kifaru, kumi simba na ishirini ndovu. Hao wote ni miongoni mwa wanyama ambao Roosevelt aliwaangusha kwa risasi. Leo wanalindwa na sheria na kubeba jina la taifa.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa upande wa sarafu. Lakini nishani za kumbukumbu zinaweza kubeba sura ya binadamu, na hapo ndipo tulipolaza damu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa jirani na Ruiru, hufunza sanaa, na kandokando ya barabara ya Thika hawakosekani vijana wanaofua chuma na kuchonga mbao na mawe kwa ustadi. Tuzo ya kila mwaka ya kubuni nishani, ikidhaminiwa na kaunti au kampuni, ingegharimu kiasi kidogo mno kuliko sherehe ya siku moja.

Wala wa kukumbukwa hawakosi. Wapo wapagazi wa misafara, wachumaji kahawa wa mashamba ya Ruiru, wakata mkonge wa Thika na waliotandika reli. Roosevelt alionyesha kwamba kiongozi akimwamini msanii, madini hupata uhai. Alichoshindwa kukiona ni kwamba heshima ya nishani hupungua iwapo waliobeba mzigo hawamo. Hilo aliliacha liwe kazi ya wajukuu wa Bakari na Hamisi.